Nipe Mji

Saa tano usiku, stesheni ya Tabora.
Treni ya Kigoma iko Manyoni, au Itigi,
inategemea umemuuliza nani.
Tumekalia magunia ya karanga, tumekalia mabegi,
na Mwalimu Ruhwanya anatoa kitabu kisicho na jalada,
anavaa miwani yenye mguu mmoja, anakohoa:

"Kitendawili!"
"Tega!" Hata wale tuliodhani wamelala.

"Mti wangu uko Arizona, umesimama jangwani
miaka sabini, haujaota mkono."
Tukasema mbuyu. Tukasema nguzo ya umeme.
Mtoto mmoja akasema: askari anayelinda bendera.
"Nipeni mji."
Tukampa Urambo.
"Ni dungusi kakati," akasema, "mrefu kupita tangi lile la maji.
Mpaka aote mkono wa kwanza, aliyempanda kashazikwa."

"Daraja kuukuu la London liko wapi?"
"London!" Aliyejibu alijuta.
Tukatoa Usoke; ni padogo, hapaumi.
Kumbe tajiri mmoja wa Marekani alilinunua,
kila jiwe likapigwa namba,
likavushwa bahari, likasimamishwa tena mchangani, Arizona.
"Na mto je?"
"Daraja kwanza. Maji wakayachimbia mfereji baadaye."
Tukanyamaza kidogo.
Kila mtu ana mto kwao unaosubiri daraja.

"Ziwa langu halizamishi mtu."
Bi Mwamini wa Uvinza, mfuko wa chumvi chini ya kichwa,
akajibu bila kufumbua macho:
"Lina chumvi. Nyie mnaniuliza mimi chumvi?"
"Jimbo gani?" Mwalimu akambana.
"Hilo jina lako utalisema mwenyewe."
Akalisema: Utah. Akafunua ukurasa mwingine haraka.

"Jimbo lipi lina ndege wake, lina ua lake, na lina swali lake?"
Swali? Swali la nini?
"New Mexico. Mgahawani utaulizwa: nyekundu au kijani?
Ni pilipili. Bunge lilikaa, likapitisha."
"Bunge zima?"
"Zima."
"Na mimi nikitaka zote mbili?"
"Unasema: Krismasi."
Tulicheka mpaka mlinzi akatumulika tochi.
Kaliua ikaondoka hivyo, kwa kicheko.

"Nani kila Novemba anasamehewa na Rais, na hana kesi?"
"Mla rushwa!" Sauti mbili, pande mbili.
"Bata mzinga. Siku ya shukrani, wenzake wako mezani,
yeye anapigwa picha."
Nikatoa Nguruka. Ndiko kwetu, kaburi la bibi liko huko,
na mkono haukunitetemeka.

Hapo ndipo Mihambo mpagazi,
aliyekuwa amejilaza juu ya toroli lake la magurudumu matatu,
akainua kichwa:
"Kitendawili, Mwalimu."
"Tega."
"Kila siku yuaja, hajafika."
"Treni!" Jukwaa zima, kwa mdomo mmoja.
"Treni itafika. Mnaitukana bure."
Mwalimu akapekua kitabu mbele, akapekua nyuma.
"Ni kesho," akasema Mihambo. "Nipe mji."

Mwalimu hakutaka kugusa miji aliyoihangaikia.
Akampa Las Vegas.
"Maana yake nini hilo?"
"Mbuga. Malisho. Kwa Kihispania."
"Jangwani?"
"Jangwani, Nevada. Usiku taa haizimwi."
Mihambo akafikiri. "Nitapeleka ng'ombe," akasema,
akajifunika kanzu ya mvua, akalala tajiri.

Treni iliingia alfajiri, bila kuomba radhi.
Mwalimu alikaa dirishani, mfalme wa reli ya magharibi.
Usoke ikapita, haikumsalimu.
Urambo ikapita na moshi wa mabani ya tumbaku.
Kaliua, msichana akainua chupa ya asali:
"Elfu kumi."
"Punguza, binti. Mji huu ni wangu."
Akamtazama ile miwani, ule mguu mmoja.
"Basi, kwa mwenye mji," akasema,
"kumi na mbili."